Jinsi ya kubaini kama nyota ya kwenye katalogi ina mwenza: mwongozo kamili

Wengi wanaojaribu kazi hii hukwama mahali palepale. Huchukua kasi ya nyota kutoka katalogi mbili, hutoa moja kwa nyingine, hupata tofauti ya kilomita tatu kwa sekunde, kisha hutangaza kwamba nyota ina mwenza, yaani kitu kingine kinachozungukana nayo. Wengine hufungua katalogi ya Gaia, chombo cha angani cha Ulaya kilichopima nyota, huona safu ya `non_single_star` (alama ya nyota zisizo pweke) ina 0, wakaamua kwamba nyota ni pweke. Hukumu zote mbili hazina msingi.

Swali si kama kasi imebadilika, maana hakuna vipimo viwili vinavyolingana sawasawa. Swali ni hili: je, imebadilika zaidi kuliko ambavyo nyota pweke ya aina hiyohiyo, yenye mwangaza huohuo, ingeonekana kubadilika ikipimwa kwa chombo hichohicho? Hatua zote zinazofuata zinalijibu hilo.

Neno "kasi" humu lina maana ya kasi ya mstari wa macho, yaani nyota inavyotukaribia (hasi) au inavyotuacha (chanya). Hupimwa kwa kuangalia mistari ya spektra (mwanga wa nyota uliotenganishwa kwa rangi zake) imesogea kiasi gani. Mwenza akiivuta nyota, mistari hiyo huenda na kurudi kwa kipindi maalumu.

## Vitu vya kuandaa

- Orodha ya nyota zako, ikiwa na namba za `source_id` za toleo la tatu la Gaia (DR3).
- Hifadhi ya data ya Gaia iliyoko ESA (shirika la anga la Ulaya), pamoja na huduma za VizieR na SIMBAD za Strasbourg. Zote ni za bure.
- TOPCAT, programu ya kushughulikia majedwali makubwa. Inahitaji Java.
- Python yenye maktaba ya Astropy, kwa ajili ya kutafuta vipindi.
- Katalogi ya pili inayotoa kasi kwa kila tarehe. APOGEE DR17, mradi wa kupima spektra za nyota, ni chaguo zuri, hasa faili lake la `allVisit`.
- Daftari la maandishi. Utaona umuhimu wake ukifika hatua ya mwisho.

Darubini si lazima. Kazi kubwa hapa ni ya mezani.

## Hatua ya 1: Hakikisha unazungumzia nyota ileile

Katalogi nyingi hutoa mahali pa nyota kwa mwaka 2000. Gaia DR3 hutoa kwa 2016.0. Kwa nyota nyingi tofauti hiyo haionekani, lakini nyota za karibu hukimbia. Nyota ya Barnard husogea sekunde 10.4 za tao (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii) kila mwaka, kwa hiyo katika miaka 16 imehama karibu dakika tatu za tao. Ukiitafuta ndani ya duara la sekunde mbili utaikosa, au mbaya zaidi, utaokota jirani yake.

Sogeza mahali pa nyota kwa kutumia mwendo wake wa angani kabla ya kulinganisha, au chukua namba ya DR3 moja kwa moja kutoka SIMBAD. Usidhani kwamba namba ya DR2 ni ileile ya DR3. Kuna jedwali la `dr2_neighbourhood` kwa ajili hiyo.

Utajua umefaulu mwangaza na paralaksi (pembe inayotumika kupima umbali wa nyota) za katalogi zote mbili zikikaribiana kwa kila nyota. Ikiwa hata moja imepishana sana, simama hapo kwanza.

## Hatua ya 2: Vuta safu zinazohitajika, zote

Kosa la kawaida ni kuvuta kasi na kuacha safu zinazoeleza ilivyopatikana. Tumia ombi hili kwenye hifadhi ya data ya Gaia:

```
SELECT source_id, parallax, phot_g_mean_mag, bp_rp,
  ruwe, ipd_frac_multi_peak, phot_variable_flag,
  radial_velocity, radial_velocity_error,
  rv_method_used, rv_nb_transits, rv_time_duration,
  rv_amplitude_robust, rv_renormalised_gof,
  rv_chisq_pvalue, rv_template_teff, grvs_mag,
  non_single_star
FROM gaiadr3.gaia_source
WHERE source_id IN ( weka namba zako hapa )
```

Usishangae safu za kasi zikiwa tupu. DR3 ina vyanzo karibu bilioni 1.8, lakini nyota zenye kasi ni takriban milioni 33.8 tu. Nyota hafifu mno hazina kasi ndani ya DR3, na hakuna ujanja wa kuzipatia.

## Hatua ya 3: Angalia kasi ilipatikana kwa njia gani

Tazama `rv_method_used`. Ikiwa ni 1, nyota ni angavu (`grvs_mag`, yaani mwangaza kwenye kipima-spektra cha Gaia, haizidi 12; namba ndogo ni mwangaza mkubwa), kasi ilipimwa kila chombo kilipoipitia, na namba uliyopewa ni ya katikati ya vipimo hivyo. Ikiwa ni 2, nyota ni hafifu, na matokeo ya mapito yote yalichanganywa ili kupata namba moja.

Tofauti hii ndiyo mgawanyiko mkubwa wa kazi nzima. Kwa njia ya kwanza unaweza kuhoji mabadiliko ya kasi. Kwa njia ya pili huwezi, kwa sababu safu za `rv_chisq_pvalue` na `rv_amplitude_robust` hazijazwi. Zitenge nyota za njia ya pili. Utazirudia hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Toa mtawanyiko ndani ya kosa la kipimo

Hapa ndipo penye utamu. Kwa nyota angavu, safu ya `radial_velocity_error` haielezi ubora wa chombo peke yake. Ilikokotolewa kutokana na jinsi vipimo vya tarehe mbalimbali vilivyotawanyika, ndipo ikaongezwa kiasi kisichobadilika cha kilomita 0.113 kwa sekunde. Kwa hiyo nyota inayoyumba hujisaliti kwa "kosa" kubwa kupita kiasi, hata kama hukupewa kipimo chochote cha tarehe moja moja.

Geuza hesabu hivi, ambapo ε ni kosa lililoandikwa na N ni `rv_nb_transits` (idadi ya mapito):

σ = √[ (2N / π) × (ε² − 0.113²) ]

Tuseme nyota ina `grvs_mag` ya 9, ε ni 2.4 na N ni 16. Ukikokotoa, σ inakuwa karibu kilomita 7.7 kwa sekunde. Nyota tulivu ya mwangaza huo, yenye joto la wastani, huwa na kosa ambalo ni sehemu ndogo tu ya kilomita moja. Hapo kuna jambo.

Wataalamu wa Gaia wenyewe hutumia chujio hili kutambua nyota ambazo kasi yake inabadilika:

- `rv_chisq_pvalue` isizidi 0.01
- `rv_renormalised_gof` iwe zaidi ya 4
- `rv_nb_transits` iwe angalau 10
- `rv_template_teff` iwe kati ya 3900 na 8000

Sharti la kwanza linauliza: kama nyota ingekuwa haiyumbi, mtawanyiko kama huu ungetokea kwa bahati mara ngapi? Sharti la pili linauliza jambo hilohilo kwa njia inayovumilia zaidi makosa yaliyokadiriwa vibaya. Ndiyo maana unayahitaji yote mawili. La nne watu hulipuuza sana, ilhali nje ya mipaka hiyo ya joto makadirio ya makosa hayaaminiki, na nyota za moto zenye mistari michache mipana hujaza orodha yako uchafu.

Onyo: kumbuka pia kipengele cha muda. DR3 inahusu miezi 34, kuanzia Julai 2014 hadi Mei 2017. Mwenza mwenye kipindi cha miaka mingi hawezi kuonekana vizuri humo. Chukua nyota kama Jua yenye mwenza wa nusu ya tungamo la Jua. Obiti ikiwa ya duara na tukaiona ubavuni, kipindi cha siku 10 huifanya nyota iyumbe kwa kilomita 37.7 kwa sekunde kila upande. Kipindi cha miaka 10 huishusha hadi 5.3. Kikifika miaka 300 inabaki 1.7, na ndani ya miezi 34 badiliko halizidi 0.1. Wenza wengi wa nyota zinazofanana na Jua wako huko mbali, kwenye vipindi vya karne. Kutokuona kitu kwenye kasi hakukupi ruhusa ya kusema hakuna kitu.

## Hatua ya 5: Linganisha na nyota za aina yake

Chujio la hatua ya 4 ni la jumla. Kwa orodha yako, jitengenezee kipimo chako mwenyewe: chagua nyota elfu chache za Gaia zenye `grvs_mag`, rangi (`bp_rp`) na idadi ya mapito inayokaribiana na ya nyota yako, kisha chora jinsi `radial_velocity_error` zao zilivyosambaa.

Nyingi zitajikusanya mahali pamoja na mkia mrefu utaelekea upande wa makosa makubwa. Nyota yako iko wapi? Ikiwa katikati ya kundi, huna ushahidi. Ikiwa mbali kwenye mkia, endelea. Mimi huuamini mchoro huu kuliko thamani yoyote ya uwezekano iliyochapishwa kwenye jedwali, kwa sababu unabeba ndani yake kasoro zote za chombo bila wewe kuzijua.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja asilimia ya nyota zinazofanana na yako ambazo kosa lake ni dogo kuliko la yako.

## Hatua ya 6: Waondoe wanaojifanya wana wenza

Nyota inaweza kuyumba bila kuwa na mwenza. Usiruke hatua hii hata ukiwa na haraka.

Nyota zinazopumua. Sefeidi na RR Lyrae hutanuka na kunywea, na uso wao hutukaribia na kutuacha kwa makumi ya kilomita kwa sekunde. Delta Cephei yenyewe hufanya hivyo kila siku 5.37. Angalia `phot_variable_flag`; ikiwa imeandikwa VARIABLE, nenda kwenye `vari_classifier_result` uone imewekwa aina gani. Kumbuka kwamba mambo haya mawili hayapingani: Polaris ni Sefeidi inayopumua kwa siku nne hivi, na papo hapo ina mwenza mwenye obiti ya karibu miaka 30.

Ukiwa na kipindi cha mwangaza na cha kasi, vilinganishe. Kwa nyota inayopumua ni kimoja. Kipindi cha mwangaza kikiwa nusu ya kipindi cha kasi, dalili huelekea upande mwingine kabisa: huenda nyota imevutwa na mwenza wa karibu hadi ikapoteza uduara, na inatuonyesha ubavu mpana mara mbili kwa kila mzunguko.

Majitu mekundu. Gesi ya juu huchemka na kuitingisha nyota kwa mamia ya mita kwa sekunde, na kwa majitu angavu zaidi hata kupita kilomita moja. Kwao kuna jaribio rahisi sana. Kipindi kifupi kabisa ambacho mwenza anaweza kuwa nacho bila kuwa ndani ya nyota ni takriban:

P = siku 0.116 × √(R³ / M)

R na M ni nusu kipenyo na tungamo kwa kipimo cha Jua. Jitu lenye R ya 50 na M ya 1 linatoa siku 41. Programu ikikuambia kipindi chake ni siku 10, programu imekosea.

Nyota changa zenye madoa, na zinazojizungusha kwa kasi. Doa likipita usoni hupotosha umbo la mistari, na kasi iliyopimwa huhama. Kipindi chake huwa kile cha nyota kujizungusha.

Majirani. Spektra ya nyota angavu iliyo sekunde chache za tao kando inaweza kumwagikia kwenye yako. Tafuta majirani wote ndani ya sekunde 10 na uangalie kama kuna aliye angavu zaidi.

Kuna pia mtego wa kinyume. Nyota mbili zinazolingana hutoa mistari miwili miwili. Moja ikienda kushoto nyingine huenda kulia. Chombo kikishindwa kuzitenganisha hupima katikati, na kasi huonekana haibadiliki. Jozi iliyo wazi kuliko zote inakuwa ndiyo inayojificha vizuri zaidi! Hatua inayofuata ndiyo dawa yake.

## Hatua ya 7: Tafuta ushahidi usiotegemea kasi

RUWE. Inaeleza jinsi mwendo wa nyota angani unavyolingana na mwendo wa nyota pweke. Nyota ya kawaida iko karibu na 1.0, ikipita 1.4, ishuku. Lakini RUWE haioni wenza wa karibu mno, kwa kuwa mtikisiko wao ni mdogo kuonekana, wala wa mbali mno, kwa kuwa ndani ya miezi 34 njia yao huonekana kama mstari ulionyooka. Pia hupanda kwenye maeneo yenye msongamano wa nyota. Ichukue kama shahidi, isiwe hakimu.

Mchoro wa rangi na mwangaza. Badili mwangaza kuwa mwangaza halisi kwa kutumia paralaksi. Nyota mbili zinazolingana zikionekana kama moja, mwanga unakuwa maradufu, na nukta hukaa vipimo 0.75 vya mwangaza (magnitudi) juu ya mfuatano mkuu, yaani mstari wa nyota za kawaida kwenye mchoro. Hapo ndipo jozi zilizojificha za hatua ya 6 hunaswa. Angalia tu kwamba nyota haijaanza kuzeeka, maana nayo hupanda.

Hipparcos (chombo kilichoitangulia Gaia) dhidi ya Gaia. Kwa nyota angavu, linganisha mwendo wa angani uliopimwa na Gaia na ule unaopatikana kwa kugawa tofauti ya mahali kati ya 1991.25 na 2016.0 kwa karibu miaka 25. Mwendo huo wa muda mrefu ukipishana na wa Gaia, kuna kinachoivuta. Kwa wenza wa miongo kadhaa sijui njia nyingine ya bei rahisi kama hii. Kupata kilomita kwa sekunde, zidisha tofauti ya mwendo (sekunde za tao kwa mwaka) kwa umbali uliopimwa kwa paseki (kizio cha umbali wa nyota), kisha kwa 4.74.

`non_single_star`. Namba hii ni jumla ya alama: 1 kwa obiti iliyoonekana angani, 2 kwa iliyoonekana kwenye spektra, 4 kwa nyota zinazopatwana. Kwa hiyo 3 ni mbili za kwanza pamoja. Ikiwa si sifuri, fungua `nss_two_body_orbit` uone kipindi na `significance` yake. Vipindi vifupi vyenye `significance` ndogo vishuku. Ikiwa ni sifuri, hujaambiwa kitu. Vyanzo vilivyopewa alama ni takriban 813,000 kati ya bilioni 1.8.

## Hatua ya 8: Kusanya kasi za tarehe moja moja

DR3 haitoi vipimo vya kila tarehe isipokuwa kwa Sefeidi na RR Lyrae chache. Kwa nyota nyingine nenda APOGEE, au miradi mingine ya spektra kama GALAH na LAMOST, au vipimo vyako mwenyewe.

Kwanza, zote ziwe zimesahihishwa kwa mwendo wa Dunia. Dunia huzunguka Jua kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde, kwa hiyo ukisahau hili utagundua mwenza mwenye kipindi cha siku 365, ambaye ni sisi wenyewe.

Pili, sawazisha sifuri za katalogi. Kasi za LAMOST za spektra zenye uchambuzi mdogo huwa chini ya za wengine kwa kilomita 4 hadi 5 kwa sekunde. Zile kilomita tatu nilizozitaja mwanzoni zinaweza kuwa kasoro ya aina hii tu. Chukua nyota mia kadhaa tulivu zilizo kwenye katalogi zote mbili, tafuta tofauti ya katikati, iondoe. Kwa APOGEE, usikubali kosa la kipimo lililo chini ya kilomita 0.1 kwa sekunde hata jedwali likiandika dogo zaidi.

Tatu, tafuta kipindi kwa `LombScargle` ya Astropy. Obiti ina mambo sita yasiyojulikana: kipindi, ukubwa wa kuyumba, kiasi obiti ilivyo duaradufu (e), mwelekeo wake, wakati wa kukaribiana na kasi ya mfumo mzima. Kwa hiyo obiti nyingi tofauti zinaweza kupita kwenye vipimo sita. Chini ya kumi na viwili, vilivyotawanyika vizuri, mimi sitaji kipindi hadharani. Na ukipima kutoka ardhini usiku tu, vipindi vya karibu na siku moja ni vya kutiliwa shaka mpaka vithibitishwe.

Utajua umefaulu obiti ikiweza kutabiri kipimo kijacho kabla hujakipata, na mabaki yakiwa na ukubwa sawa na makosa ya vipimo.

## Hatua ya 9: Kadiria tungamo la mwenza

Ukiwa na kipindi P (siku), nusu ya kuyumba K (kilomita kwa sekunde) na e:

f = 1.036 × 10⁻⁷ × P × K³ × (1 − e²)^1.5

Jibu liko kwa tungamo la Jua, na mwenza hawezi kuwa mwepesi kuliko f. Kwa ile nyota yetu ya siku 10 na K ya 37.7, f ni 0.056 tu, ingawa mwenza halisi ni 0.5. Kwa hiyo f ndogo ni jambo la kawaida. Tega masikio f ikipita 1 na mwanga wa mwenza usionekane. Gaia BH1, yenye kipindi cha siku 185.6, ina f karibu 4, na mwenza wa nyota ile inayofanana na Jua ni shimo jeusi lenye tungamo takriban mara 9.6 ya Jua.

Kabla ya kupiga kelele, rudia hatua ya 6. Jitu lililomaliza tabaka zake za nje linaweza kuwa jepesi kuliko unavyodhani, na mwenza wake wa kawaida akafichwa na mng'ao wake.

## Hatua ya 10: Andika ulichokipata, na usichokipata

Gawa nyota zako makundi manne: zenye obiti, zinazobadilika kasi bila obiti, zenye dalili za RUWE, Hipparcos au mchoro wa rangi pekee, na zisizo na dalili. Kwa kundi la mwisho usiandike "pweke". Andika kikomo, kwa mfano: "hakuna kuyumba kunakozidi kilomita 1 kwa sekunde kwa vipindi vya chini ya siku 1000". Pamoja nacho weka idadi ya mapito, muda uliofunikwa, toleo la katalogi na ombi lenyewe ulilotumia kuvuta data. Toleo la nne la Gaia linatarajiwa kutoa kasi za kila pito, na mwenye daftari kamili ataweza kulipitisha kwenye hatua zilezile kwa siku hiyohiyo.